Miezi Sita ya Maombi na Vidonge

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile. Mke wa mvuvi wa Muhuru Bay huuliza akiwa ameshika kadi ya kliniki. Mume wa mama anayeuza nguo soko la Rongo huuliza baada ya ibada ya Sabato. Mwenzi wangu ameanza dawa za TB, kanisa limemwombea, sasa anakula, anatembea, homa ya usiku imekwisha. Je, bado ameze?

Nyuma yake kuna swali jingine ambalo wengi huona haya kulitamka. Nikiendelea kumsukuma ameze, si nitakuwa nimetangaza mbele ya watu kwamba imani yangu ni haba?

Jibu la swali la kwanza ni fupi: aendelee, mpaka siku mhudumu wa kliniki atakapoandika kwenye kadi kwamba matibabu yamekamilika. Jibu la pili linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu mume au mke ndiye anayebeba miezi hiyo sita mgongoni, na mara nyingi huibeba peke yake.

Kwa nini miezi sita

Mgonjwa wa kawaida wa kifua kikuu nchini Kenya hutibiwa kwa miezi sita. Miezi miwili ya mwanzo humeza dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata hubaki na mbili, rifampisini na isoniazidi. Idadi ya vidonge kwa siku hufuata uzito. Watu wazima wengi humeza vitatu au vinne kwa mkupuo mmoja. Katika vituo vya serikali, dawa hizi hutolewa bure.

Muda huo haukukisiwa. Zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika hospitali za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, yalionyesha kwamba miezi sita inatosha rifampisini ikiwemo. Yalionyesha jambo jingine pia: miongoni mwa waliopewa miezi sita ya dawa za zamani pekee, zaidi ya mmoja kati ya watano walirudiwa na ugonjwa. Walikuwa wameshapata nafuu, wengine hata makohozi yao yalikuwa hayaonyeshi kitu, kumbe vijidudu vilikuwa vimelala tu kifuani.

Mwenzi akielewa hilo, hoja nyingi za nyumbani huisha. Nafuu huja kati ya wiki ya pili na ya nane, na kupona huja mwezi wa sita. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo wagonjwa wengi huacha dawa.

Kaunti za Migori na Homa Bay, swali hili linakotoka, zina sababu zao za kuwa makini zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi vya ukimwi kwa watu wazima 19.6 kati ya 100 Homa Bay na 13 kati ya 100 Migori, wakati wastani wa Kenya ulikuwa 4.9. Virusi hivyo hupunguza kinga, na TB hupata mlango. Katika machimbo ya dhahabu ya Macalder na Osiri, vumbi la mawe yaliyosagwa huumiza mapafu na kumweka mchimbaji kwenye hatari zaidi. Kwenye fuo na visiwa kama Remba na Ringiti, wavuvi hulala wengi katika chumba kimoja cha mabati kisicho na dirisha.

“Kumeza dawa si kukosa imani?”

Katika Biblia, kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20, Mfalme Hezekia aliugua hadi kukaribia kufa. Akaomba, akalia, na Mungu akamwahidi uzima. Kisha nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake. Ahadi ilikuwa imeshatolewa, na dawa ikapakwa vilevile. Wakatoliki wana pia Yoshua bin Sira, sura ya 38, inayomtaja tabibu kama kazi ya Mungu. Kwa Waislamu wa mji wa Migori, Sura ya Al-Baqara inampa mgonjwa ruhusa ya wazi ya kutofunga.

Tena, nani aliyeleta hospitali pande hizi? Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baadaye wakajenga hospitali ambayo mpaka leo inahudumia watu. Wakatoliki wana Ombo pale Migori mjini. Wakamiliani, shirika la watawa lililoanzishwa kwa ajili ya kuuguza, wana hospitali Karungu. Huko watu huomba asubuhi, kisha hupima makohozi.

Upande wa pili nao lazima usemwe. Aprili 2025 polisi waliwaondoa watu 57 katika boma la kanisa moja huko Opapo, karibu na Rongo, baada ya habari kwamba waumini wawili walikuwa wamefariki na kuzikwa humo ndani. Miaka miwili kabla, msitu wa Shakahola kule Kilifi ulitoa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa. Kiongozi wa dini anayemwambia mgonjwa atupe dawa, au anayezuia jamaa zake wasimwone, amevuka mpaka. Mwenzi ana haki ya kumwondoa mgonjwa hapo siku hiyohiyo na kuwaita chifu na mhudumu wa afya ya jamii.

Wiki mbili za mwanzo

Kipindi hiki ndicho chenye hofu nyingi na makosa mengi. TB husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuimba. Haisafiri kwa sahani, kikombe, nguo wala kushikana mikono. Mgonjwa ambaye dawa zinamfaa huwa haambukizi tena, kwa kawaida, baada ya takriban wiki mbili.

Fanya haya:

- Fungua madirisha na mlango mchana kutwa. Nyumba isiyo na dirisha, mgonjwa akae nje chini ya mti muda mwingi.
- Kama nafasi ipo, alale chumba chake kwa wiki hizo mbili, au kitanda kiwe karibu na dirisha.
- Akohoe kwenye kitambaa au kiwiko. Makohozi yaingie kwenye kopo lenye mfuniko, kisha yamwagwe chooni.
- Kila anayelala nyumba hiyo apimwe, hata asiyekohoa. Kuna dawa ya kinga kwa wasio na ugonjwa, na watoto wa chini ya miaka mitano huwa wa kwanza kuangaliwa kwa sababu wakiugua huzidiwa haraka.
- Wewe pia nenda. Wake wengi huwapeleka watoto wote na kujisahau.

Usifanye haya: usimtengee sahani yake, usimkataze kumkumbatia mtoto baada ya kipindi hicho, wala usitangaze ugonjwa wake kwa majirani kabla hamjakubaliana nani aambiwe. Mgonjwa aliyetengwa huanza kuficha, na akianza kuficha kikohozi ataficha na vidonge alivyoruka.

Saa moja, sala moja, maji kikombe kimoja

Njia inayofanya kazi katika nyumba nyingi za waumini ni kufunga dawa na sala pamoja. Familia ikiwa na ibada ya alfajiri, vidonge viwe mezani kabla ya wimbo wa kwanza, na “amina” ifuatwe na maji. Kliniki humtaka kila mgonjwa awe na msaidizi wa matibabu, mtu wa kumtazama akimeza. Mume au mke akikubali kazi hiyo, aikubali kwa dhati, kwa utaratibu huu:

1. Chagueni saa ambayo nyote mko nyumbani. Asubuhi kabla ya chai ni nzuri, maana dawa hunywewa vizuri tumbo likiwa tupu. Kichefuchefu kikizidi, uji kidogo hauharibu kitu.
2. Mtazame akimeza. Usimuulize jioni kama alimeza.
3. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani palepale.
4. Akisahau asubuhi na akakumbuka mchana, ameze. Siku ikipita kabisa, asimeze dozi mbili kesho yake.
5. Siku zikiruka kadhaa, mwambie mhudumu wa kliniki ukweli. Hakuna adhabu inayostahili kuogopwa kuliko TB sugu, ambayo dawa hizi za kawaida haziiwezi.
6. Mwende pamoja kuchukua dawa kabla hazijaisha.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kugeuka askari. Mke anayefoka kila asubuhi mbele ya watoto atapata mume anayeficha kidonge chini ya ulimi. Siku akikataa, kaa chini, uliza ni nini. Mara nyingi kuna sababu ya mwilini: tumbo linamchoma, au viungo vinamuuma.

Yapi ya kawaida, yapi ya kukimbia

Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa au mwekundu si damu. Ni rifampisini inapita. Familia nyingi zimesimamisha dawa kwa hofu hiyo tu, ilhali sentensi moja ya kliniki ingetosha. Viungo kuuma miezi miwili ya mwanzo pia hutokea, na huweza kutulizwa.

Haya ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja maombi ya Jumapili:

- macho au ngozi kuwa ya njano;
- kutapika kusikokoma, au maumivu chini ya mbavu za kulia;
- kuona ukungu, au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani;
- upele mwilini wenye homa;
- kukohoa damu nyingi, au kukosa pumzi.

Ganzi na kuchomachoma kwenye nyayo husababishwa na isoniazidi. Kuna vitamini ya kuizuia, piridoksini. Iulizieni kama hamkupewa.

Chang'aa na busaa ziwekwe kando miezi yote sita. Ini tayari limebeba mzigo wa dawa.

Kufunga, mkesha, maji ya baraka na manyasi

Mgonjwa wa TB amekonda, na mwili wake unajenga upya. Kufunga chakula kwa siku tatu kunamrudisha nyuma. Kanisa likitangaza mfungo, mwenzi anaweza kumwendea mchungaji faraghani na kuomba mgonjwa ashiriki kwa njia nyingine: kusoma neno, kunyamaza saa moja, kuacha simu. Wachungaji wengi hukubali wakiombwa kwa heshima na mapema. Katika Ramadhani, mgonjwa anayejisikia na nguvu na aliyeruhusiwa na daktari anaweza kusogeza dozi yake moja hadi daku. Asiye na nguvu ana ruhusa tayari.

Mkesha katika jengo lililofungwa, watu wakiimba kwa sauti, si mahali pa mgonjwa kwa wiki mbili za mwanzo. Baadaye aende, akae karibu na mlango.

Maji ya baraka ya Legio Maria, mafuta ya upako, mikono ya wazee wa kanisa la Roho: hakuna kati ya hivyo kinachogombana na rifampisini. Mgonjwa anayepata faraja humo asinyimwe. Mizizi na manyasi ya kunywa ni jambo jingine, kwa sababu baadhi yake huumiza ini, na hakuna anayejua kipimo kilichomo kwenye kikombe. Akitaka kuyanywa, kliniki iambiwe kwanza.

“Wakwe wanasema ni chira”

Hapa ndipo nyumba nyingi hupasuka. Mtu anakonda, anakohoa, anadhoofika. Wazee wa boma wanasema kuna mwiko umevunjwa, ni chira, na macho yanamgeukia mke. Amefanya nini? Alianza kupanda kabla ya mama mkwe?

Mke hatashinda ubishi huo akisimama peke yake mbele ya wakwe, na si lazima ashinde. Njia za kupita zipo. Kwanza, amwendee mmoja anayesikilizwa bomani, mara nyingi kaka mkubwa wa mume au shangazi, aende naye kliniki, daktari azungumze naye ana kwa ana. Pili, karatasi ya maabara ionyeshwe. Matokeo ya makohozi hayana upande katika ugomvi wa boma. Tatu, kama familia inasisitiza tambiko, tambiko linaweza kufanyika bila kidonge hata kimoja kuruka. Mama mkwe anayeambiwa “Mama, tutafanya ulivyosema, na dawa ataendelea nazo” huwa rahisi kuliko yule anayeambiwa kwamba mila zake ni ujinga.

Mume akiwa ndiye anayeuguza

Mke akiugua, mara nyingi hurudishwa kwao “akapumzike”. Safari hiyo imekatiza matibabu ya wengi, kwa sababu kadi ilibaki Awendo na mgonjwa akahamia Oyugis. Kama ni lazima aende, barua ya uhamisho kutoka kliniki iende naye, na dawa za kufikia miadi ijayo.

Afadhali abaki, na mume aingie jikoni. Ndiyo, watu watasema. Mwanamume anayewasha moto na kukoroga uji wakati mkewe amelala hajapungukiwa na kitu, na watoto wake wa kiume watakumbuka walichokiona. Chakula chenyewe ni cha nyumbani: omena, samaki, maharagwe, mayai, ugali, mboga za osuga na apoth, embe au papai likipatikana. Apewe kidogo mara nyingi. Apimwe uzito kila mwezi kliniki. Uzito ukipanda, idadi ya vidonge huenda ikabadilishwa. Maji ya kuchota na kuni ni vya mume na watoto kwa miezi miwili angalau.

Wazee wa kanisa wakija kuuliza wasaidie nini, waambie waziwazi: nauli ya bodaboda, unga, mtu wa kupalilia. “Mtuombee tu” ni jibu la adabu, lakini huwanyima watu nafasi ya kutenda.

Mambo ya chumbani

Watu hawaulizi haya kliniki, kwa hiyo yasemwe hapa.

TB haiambukizwi kwa tendo la ndoa lenyewe. Baada ya wiki za mwanzo, mgonjwa akiwa na nguvu na hamu, hakuna katazo. Hamu ikikosekana kwa miezi, ni ugonjwa, usiifanye shutuma.

Rifampisini hupunguza nguvu za vidonge vya kupanga uzazi na za vijiti vya mkononi. Wanandoa wanaovitegemea watumie kondomu pia, au waulize kuhusu koili au sindano, na tahadhari hiyo iendelee karibu mwezi mmoja baada ya dawa kuisha.

Kila mgonjwa wa TB hupimwa virusi vya ukimwi. Pimweni pamoja. Mmoja akiwa navyo na mwingine hana, hiyo haithibitishi uzinzi wa jana, maana virusi vinaweza kukaa miaka bila kujulikana. Homa Bay inajua habari hii kuliko kwingi: mwaka 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV bure katika hospitali ya serikali pale mjini, na waliochukuliwa wakati ule kuwa wa kufa wakarudi mashambani. Anayemeza ARV zenye dolutegraviri pamoja na rifampisini huongezewa dozi yake, asubuhi na jioni. Hakikisheni kliniki zote mbili, ya TB na ya ARV, zinajua dawa zote anazomeza.

Kazi inapomwita mapema

Mwezi wa pili mvuvi huanza kuangalia ziwa. Usiku wa giza ni usiku wa omena, na deni la duka linakua. Kumzuia kwa nguvu ni vigumu. Panga naye: aanze na kazi ya ufuoni, kushona nyavu au kuanika, kabla ya kurudi majini. Akihamia kisiwa kingine au akivuka Isebania kwenda Tarime, asiondoke bila barua ya kliniki na dawa za kutosha.

Kwa mchimbaji dhahabu ushauri ni mkali zaidi. Asirudi shimoni wala kwenye mashine ya kusaga mawe makavu mpaka matibabu yaishe, na akirudi, mawe yamwagiwe maji ili vumbi lisiruke. Kama kuna kazi nyingine, aichukue.

Kumtembelea mgonjwa

Askofu Mkuu Desmond Tutu aliugua TB akiwa kijana, akalazwa karibu miezi 20. Kasisi Trevor Huddleston alimtembelea mara kwa mara, akamletea vitabu. Mambo aliyomfanyia ni ya kawaida kabisa: alikuja, akarudi, akaleta kitu cha kusoma. Tutu aliishi hadi miaka 90.

Mwenzi anaweza kupanga ziara za namna hiyo. Watu wawili watatu, nusu saa, nje kivulini. Wasimhoji alipoipata. Wasimwombee kwa kumlaumu, wakitaja dhambi zilizofichwa. Akichoka, mke au mume ndiye wa kusema, kwa upole, kwamba mgonjwa anahitaji kulala.

Ushuhuda na karatasi ya maabara

Makohozi hupimwa tena mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Tarehe hizo ziandike ukutani. Yakiwa bado na vijidudu mwezi wa pili, msikate tamaa na msifiche; kliniki itapima kama kuna usugu na kupanga upya.

Kanisa litataka ushuhuda mapema, labda wiki ya nne, mgonjwa akiwa ameanza kunenepa. Mwombe mchungaji angoje. Ushuhuda wa mwezi wa sita una nguvu zaidi, na mgonjwa anaweza kusimama na kadi yake mkononi, amshukuru Mungu na amtaje pia muuguzi aliyempigia simu aliposahau. Katika mkusanyiko wowote kuna mwingine anayekohoa gizani, na akisikia dawa zikitajwa madhabahuni ataenda kupima.

Baada ya hapo, kadi isitupwe. Mapafu yenye makovu yanaweza kumfanya mtu akose pumzi akipanda mlima hata kama vijidudu vimekwisha, na hilo peke yake si TB kurudi. Kikohozi cha wiki mbili, homa za usiku au kukonda upya ni sababu ya kurudi kliniki, hasa miaka miwili ya mwanzo. Mkifika, mwambieni mhudumu kwamba mgonjwa aliwahi kutibiwa na mwonyesheni kadi, kwa sababu kipimo cha mashine kinaweza kuonyesha mabaki ya vijidudu vilivyokufa, na bila historia hiyo mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji.